Mkazi Rasmi wa Kinamasi

Nchi yangu haina makosa. Nalisema hili mapema, kabla hujavuta kiti, usije ukanidhania mimi ni mmoja wa wale wanaosemasema. Mimi sisemi. Naeleza tu yaliyotokea, na yote yaliyotokea yalitokea kwa nia njema, tena kwa kufuata utaratibu.

Nchi yenyewe inaitwa Kwetu. Jirani yetu wa upande wa machweo anaitwa Kwao. Tangu nchi hizi mbili zipate bendera hazijaacha kushindana. Kwao wakirefusha mlingoti, nasi tunarefusha. Kwetu tukiongeza ubeti kwenye wimbo wa taifa, nao wanaongeza, hata sasa timu zetu zikikutana uwanjani wachezaji hukaa chini wakati wa nyimbo, wengine husinzia. Waziri wetu wa Afya aliwahi kutangaza bungeni kwamba malaria ya Kwetu ina nguvu kuliko malaria ya Kwao, na wabunge wakapiga meza kwa furaha.

Basi ikaja habari kutoka Shirika la Huruma ya Dunia. Wanataka kuzilinganisha nchi hizi mbili, waone ikolojia ya ipi iko hatarini zaidi kwa mabadiliko ya tabianchi. Rais wetu aliposikia kuna watu wanakuja kupima udhaifu wa nchi yake, alipandwa na hasira akavunja fimbo yake ya heshima juu ya meza.

"Kwetu hakuna dhaifu! Dhaifu ni wao!"

Mshauri wake akamwinamia sikioni. Akamweleza kwamba nchi itakayoonekana dhaifu zaidi itapewa Huruma ya Daraja la Kwanza, na Shirika litajenga kwake makao makuu yenye hoteli na uwanja wa ndege. Itakayoshindwa itapewa pole. Rais akaagiza fimbo nyingine.

Jioni alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "babu zetu walikuwa dhaifu, baba zetu walikuwa dhaifu, na sisi hatutakubali, narudia, hatutakubali taifa lolote lituzidi kwa udhaifu! Atakayeonekana ana nguvu tutamshughulikia." Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Siku ya pili ikaundwa Wizara ya Ulinganisho, akapewa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Balthazar Mwikizu, mtu mwenye vyeo vingi na shingo fupi ya kuvibebea.

Sasa nijitaje. Naitwa Lutego. Nilizaliwa kando ya kinamasi kilichoko mpakani, nikamwoa Nyamizi, binti wa ng'ambo, yaani wa Kwao. Enzi hizo ng'ambo ilikuwa neno tu. Mpaka ulipita katikati ya mafunjo, na mafunjo hayasomi ramani. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kwetu, shamba la magimbi la Nyamizi lilikuwa upande wa Kwao, na asubuhi alikatiza kwa mtumbwi akilalamika, jioni akirudi akilalamika. Alilalamikia jua, mbu, mtumbwi, na zaidi ya vyote alinilalamikia mimi. Ndivyo walivyo watu wa kinamasini. Sijapata kumsikia mume akimwambia mkewe kwamba anampenda. Wanalaumiana, na anayelaumiwa analala usingizi mzuri.

Kinamasi kilikuwa na afya yake. Si kwamba mambo hayakuwa yamebadilika, yalikuwa yamebadilika sana. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kuja zikipenda, na mwaka mwingine zilikuja kwa pupa zikaondoka na kuku. Lakini maji yakizidi ng'ambo yalisambaa huku, yakipungua huku yalivutwa ng'ambo, na sisi tulihamisha mitego ya kambale tukaendelea kuishi.

Wapimaji wakaja. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mrefu wa kutoka mbali, amevaa buti za mpira, anayesikiliza zaidi ya anavyosema. Alizunguka kinamasi chote, kisha akaita mawaziri wa nchi zote mbili akawaambia jambo la kusikitisha. Kinamasi ni kimoja. Hakiwezi kulinganishwa na nafsi yake. Yeye anaona kipimwe kama kilivyo na huruma itolewe kwa pamoja.

Kwa pamoja! Mawaziri walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Kwetu na Kwao walikubaliana juu ya kitu: kinamasi kitenganishwe. Mheshimiwa Mwikizu aliwaeleza waandishi wa habari kwamba maumbile yalifanya uzembe, na serikali iko tayari kurekebisha. Matingatinga yakaja pande zote mbili yakajenga tuta la udongo katikati ya kinamasi, kila nchi ikianzia mwisho wake, zikishindana nani atafika katikati kwanza. Kila mmoja anasema alifika yeye.

Siku tuta lilipofungwa Nyamizi alikuwa ng'ambo akivuna magimbi. Asubuhi ile, akiwa ameshaingia mtumbwini, aliniambia, "Lutego, ukiiacha tena ile sufuria bila kuisugua, nikirudi nitakusugua nayo kichwa." Sufuria niliisugua. Jioni nilikwenda kumpokea, nikakuta ukuta wa udongo mrefu kuliko paa la nyumba yangu, na askari juu yake.

"Mke wangu yuko huko," nikamwambia.

"Huko ni ikolojia nyingine, mzee," akanijibu kwa upole. "Rudi kwenye ikolojia yako."

Sasa mto unaolisha kinamasi unaingilia upande wa Kwao. Mtu yeyote wa pale angewaambia, kama wangeuliza. Baada ya tuta, upande wetu ulikauka na upande wao ukafurika. Mafunjo yetu yakawa njano, yakalala. Kamongo wakajizika kwenye tope wakisubiri maji kama ilivyo desturi yao, na tope likakauka nao wakiwa humo. Mheshimiwa Mwikizu alikuja kukagua. Alikanyaga ardhi iliyopasuka, akatikisa kichwa kwa fahari. "Angalieni nyufa hizi," akawaambia waliofuatana naye. "Kwao wana nyufa kama hizi? Kwao wana maji tu." Lakini redio ya Kwao nayo ilikuwa ikijivunia mafuriko, kwa hiyo hatukulala.

Ukaja upimaji wa awali. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba na mkalimani, na dodoso lao lilianza kwa kumuuliza mtu hali yake. Hapo ndipo tulipoliangusha taifa. Mpimaji aliuliza, "Habari za hapa?" na kila mtu akajibu, "Nzuri." Angejibu nini? Wewe umeamka, mgeni kasimama mlangoni, jua ndiyo kwanza linachomoza, utamtupia balaa usoni? Hata mwenye msiba hujibu salama kwanza, ndipo akasema, ila tumefiwa.

Jirani yangu Mama Kabula, aliyekuwa hana hata kisamvu, alijibu, "Hatujambo, tunamshukuru Mungu."

"Na mazao?"

"Hayajambo. Ila hayakuota."

Dodoso halikuwa na nafasi ya "ila". Mkalimani alijaza "hayajambo", wakaendelea nyumba ya pili. Matokeo yalipotoka, ikolojia ya Kwetu ilionekana haina tatizo lolote. Bahati njema watu wa Kwao nao wana adabu, wakaanguka kama sisi.

Serikali haikukaa kimya. Ilituletea Semina ya Kitaifa ya Kulalamika. Wakufunzi walitoka mji mkuu, wakatukusanya chini ya turubai, wakatufundisha kujibu salamu kizalendo. Mkufunzi alisema, "Habari?" na sisi tukaitikia kwa pamoja, "Mbaya!" Vijana walishika haraka. Wazee ilituwia vigumu. Mama Kabula alisimamishwa mbele ya watu ajaribu peke yake.

"Habari, mama?"

"Mbaya," akasema, kisha akainamisha kichwa. "Samahani, mwanangu. Karibu ukae."

Akapewa mazoezi ya nyumbani.

Lakini wakufunzi hawakufikiria jambo moja. Watu wakilisema neno kwa sauti, wanalisikia. Tulikuwa tumekaa na ule ukame tukiuita salama, na kwa kuuita salama tuliweza kuamka nao. Sasa kila asubuhi kijiji kizima kilisimama chini ya turubai kikitangaza maji hakuna, samaki hakuna, mvua hatujui. Kufikia siku ya vyeti watu walikuwa wameamini. Wakapokea vyeti vyao, wakafunga mizigo, wakahamia milimani kwa ndugu zao. Mama Kabula aliondoka wa mwisho. Alinikumbatia, na mtu wa kwetu hakumbatii hovyo. "Hujambo, Lutego?" akaniuliza. Nikamjibu sijambo.

Nami nilifunga mzigo. Nilipanga kuzunguka kwa barabara kuu, nivuke kituo cha mpakani, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa tangu tuta, nimfuate mke wangu kwao. Nilikuwa nimefika kwenye kibao cha kijiji nikakutana na Bwana Kilembwe, Afisa Athari wa wilaya, akija mbio na pikipiki.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Ng'ambo. Kwa mke wangu."

Alishuka akashika mzigo wangu kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba, kwa mujibu wa mwongozo, ikolojia isiyo na binadamu haihesabiwi kuathirika, kwa kuwa hakuna wa kuathirika. Lazima awepo mmoja. Nikitoka mimi, Kwetu imetolewa mashindanoni. "Wewe ndiye binadamu, mzee," aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Wewe ndiye tuliyebaki naye."

Nikavishwa kofia yenye nembo ya taifa nikawa Mkazi Rasmi. Mheshimiwa Mwikizu alikuja kuniapisha. Niliapa kukaa, kuathirika kwa uaminifu, na kutowasiliana na ng'ambo kwa sauti, ishara wala moshi, maana mawasiliano huchafua ulinganisho. Askari wakaongezwa juu ya tuta. Wakaniacha.

Sijui nieleze vipi kilichofuata, maana hakikufuata kitu. Nilidhani naujua ukimya. Kumbe ukimya nilioujua ulikuwa umejaa vyura. Vyura walipokwisha nilisikia masikio yangu yenyewe. Nilianza kujisalimia. Asubuhi nilitoka nje nikasema, "Umeamkaje, Lutego?" na nikajijibu, "Nimeamka." Baadaye nikaacha kuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Korongo mmoja alibaki, mwenye mguu mbovu. Siku moja naye akapaa, akalivuka lile tuta bila kuulizwa na mtu, nami nikasimama kumtazama mpaka shingo ikauma. Nilimwonea wivu ndege. Niliyemkosa ni mke wangu. Nilikosa kulaumiwa. Nilikuwa naacha sufuria chafu kwa makusudi, nikae mlangoni nisubiri atakayesema kitu.

Bwana Kilembwe alikuwa akiniletea unga kila wiki, na habari za mashindano. Si mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda, akauliza habari, nikamjibu "Mbaya" kama nilivyofundishwa, naye akafurahi. Siku moja alikuja amekunja uso.

"Kwao wanatutisha, mzee. Watu wao nao wamehama mafuriko. Wamebaki na mkazi mmoja kama sisi, lakini wa kwao ni moto. Majasusi wetu wanasema ni mwanamke, amekaa juu ya kichuguu amezungukwa na maji, analalamika kutoka asubuhi mpaka jioni. Analalamikia maji, anawalalamikia askari wamesimama vibaya. Analalamikia hata sufuria. Sufuria ya nani, hatujui. Mtu wa namna hiyo tutamshinda kwa lipi?"

"Ana umri gani?" niliuliza.

"Mtu mzima. Wanasema alizaliwa hukohuko, akaolewa mahali, mume hajulikani alipo."

Alipoondoka nililia. Nililia kwa furaha kwamba yuko hai, tena nikalia kwa uchungu kwamba yuko ng'ambo tu, nyuma ya udongo, na serikali mbili zinatulinganisha nani kati yetu ana hali mbaya zaidi.

Wiki iliyofuata nilimuuliza Kilembwe, kana kwamba napitisha muda, mshindwa itakuwaje.

"Mshindwa anapewa pole, anavunja kambi. Mkazi wake anaachiwa aende anakotaka." Akacheka. "Lakini hilo lisikusumbue, mzee. Wewe hutashindwa."

Tangu siku ile nilikuwa na kazi moja tu, kuiangusha nchi yangu ambayo haina makosa. Kwetu ikishindwa, ninaachiwa. Nikiachiwa, nitazunguka barabara kuu hata kwa magoti, nifike kwenye kile kichuguu nikae naye kwenye maji. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Ni jambo gumu kuliko unavyodhani, kuonekana mzima.

Wapimaji walirudi kwa upimaji wa mwisho. Nilinyoa ndevu, nikafagia uwanja, nikavaa shati la harusi. Yule mama mrefu alikaa kwenye kigoda, mkalimani pembeni, Kilembwe nyuma yao akinikonyeza.

"Habari za hapa?"

"Nzuri sana," nikasema.

Kilembwe alikohoa. Mkalimani akanitazama. "Umesema nzuri?"

"Nzuri kabisa. Sina neno."

"Maji?"

"Ninayo ya kunitosha. Mtu mmoja anakunywa nini?"

"Samaki?"

"Daktari alinikataza samaki."

"Lalamika, mzee!" Kilembwe alininong'oneza kwa nguvu kutoka nyuma. "Lalamika, nchi inakutazama!"

Yule mama aliinua mkono akamnyamazisha. Akatazama mafunjo makavu, akatazama nyumba za jirani zisizo na milango, akanitazama mimi. Akauliza swali moja taratibu, na mkalimani akalileta taratibu hivyohivyo: "Je, unaishi peke yako?"

Nililiona shati langu la harusi, vifungo viwili havipo, vifungo ambavyo mtu angekuwa ameshanigombeza kwa kuvipoteza. "Ninapenda utulivu," nikasema. Akaandika. Akanipa mkono, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko desturi, akaenda zake kuvuka ng'ambo.

Matokeo yalisomwa juu ya tuta, mawaziri wote wawili wakiwepo. Mkazi Rasmi wa kila nchi alisimamishwa chini, upande wake, pasipo kuonana. Wimbo wa Kwetu ukapigwa, wote, kisha wa Kwao, wote. Jua lilikuwa limeshaniuma utosi yule mama alipofungua karatasi. Nilikuwa nimeshafunga mzigo.

Alisema kwamba katika kazi yake hajapata kuona jambo kama hili. Upande mmoja umekauka, upande mwingine umezama, na kitaalamu madhara yanalingana. Uamuzi ukabaki kwa wakazi wenyewe. Mkazi wa Kwetu aliulizwa hali yake, akajibu nzuri, hana neno, anapenda utulivu. Mkazi wa Kwao aliulizwa hali yake, naye akajibu nzuri. Alisema maji ni mazuri kwa ngozi. Alisema hana la kulalamikia.

Watu wa juu ya tuta waliguna. Nyamizi hana la kulalamikia! Nyamizi, ambaye siku ya harusi yetu alilalamikia ngoma! Nikaelewa alikuwa amekaa kwenye kichuguu chake akipiga hesabu zilezile zangu, amemeza malalamiko ya maisha yake yote ili aachiwe, azunguke barabara kuu, anifuate.

"Kwa hiyo ni sare," mkalimani akasoma. "Ulinganisho utaendelea mpaka apatikane mshindi. Wakazi wabaki mahali pao."

Mawaziri walipiga makofi, kwa kuwa sare si kushindwa. Kisha makofi yakaisha, na katika ukimya ule, kutoka nyuma ya udongo, sauti niliyoijua kuliko yangu ikapaa:

"Lutego! Mwongo mkubwa wewe!"

"Na wewe je!" nikapiga kelele. "Mwongo! Maji mazuri kwa ngozi!"

"Utulivu! Tangu lini wewe ukapenda utulivu?"

"Nyamizi, vifungo vya..."

Askari wakanifunika mdomo, na nadhani ng'ambo walifanya vivyo hivyo, maana sikusikia tena. Juu ya tuta kulikuwa na mashauriano mafupi. Mheshimiwa Mwikizu alitangaza kwamba zilizosikika ni sauti za viumbe wawili wa porini wanaoitana katika msimu wake, jambo la kawaida katika ikolojia, na kwamba haziathiri matokeo. Waziri wa Kwao aliafiki. Yule mama mrefu hakuafiki wala hakupinga. Alikuwa amegeuka, anafuta miwani yake.

Bwana Kilembwe alinirudisha nyumbani kwa pikipiki. Alishusha mzigo wangu ambao ulikuwa haujafika popote, akauweka ndani, akatoka akakaa kwenye kigoda. Nadhani alinihurumia, kwa kadiri kanuni zinavyomruhusu. Akatafuta la kusema, na kama mtu yeyote wa Kwetu aliyekosa la kusema, akanisalimia.

"Haya, mzee. Habari?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Sikukumbuka semina, sikukumbuka wapimaji wala mashindano.

"Mbaya," nikasema. "Mbaya, Kilembwe. Mbaya sana, ndugu yangu."

Uso wake ukachanua. Akanipiga bega.

"Sasa hapo," alisema, "umejibu kama mzalendo."